Kompyuta Ndani ya Kompyuta, na Sauti ya Josefu

Wanangu, mnaniona hapa Kihesa nikipalilia spinachi na kugombana na kuku wa jirani, na najua baadhi yenu mnadhani nilizaliwa na jembe mkononi. Juzi mmoja wenu, anayesoma kompyuta chuoni, aliniuliza, "Bibi Subi, eti ulikuwa fundi redio?" Nikamjibu ndiyo. Akaondoka, akarudi na redio ya babu yake imefungwa kwenye kanga, nimbanie nyaya. Nilimbania. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mimi nilikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio, mtu wa kukaa nyuma ya kioo na kuhakikisha kompyuta hazisinzii.

Ilikuwa redio ndogo ya jamii hapa Iringa. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, na asubuhi za Juni ukungu ulikuwa unapanda kutoka Ruaha Mdogo unakuja kuegemea kioo, mweupe kabisa, hata unashindwa kusema kama mji bado upo. Nyuma yangu seva, kompyuta kuu ya kituo, inavuma taratibu. Mbele yangu, ng'ambo ya kioo, Josefu anafungua kinywa na mkoa mzima unaamka. Nilikuwa naipenda saa ile. Hata sasa nikiamka na baridi ya namna ile, mkono wangu hutafuta swichi ambayo haipo.

Josefu ndiye mnayepaswa kumjua kwanza. Alikuwa mtangazaji wetu wa asubuhi, Mhehe wa Mlandege, mwanakwaya wa Kilutheri, mfupi, mpole. Ila sauti! Sauti yake ilikuwa nzito na yenye joto, kama uji unaochemka kwenye chungu. Alikuwa anasoma bei za mahindi na vitunguu, na akina mama walikuwa wanaacha kufagia ili wamsikilize. Alichanganya Kiswahili na Kihehe bila kuomba ruhusa, na watu walimpenda kwa hilo.

Kisha akapata maradhi ya koo. Alianza na kukwaruza kidogo, tukamwambia ni baridi, anywe tangawizi. Haikuwa baridi. Alipelekwa Dar es Salaam, wakamfanyia upasuaji mkubwa, wakaokoa maisha yake. Sauti ikabaki huko. Alirudi kwetu na kitambaa cheupe shingoni, akawa anazungumza kwa mikono na kwa kuandika ujumbe kwenye simu. Alikuwa anafika studio, anakaa kwenye kiti cha wageni, anawasikiliza vijana waliochukua nafasi yake. Hakuwahi kulalamika. Ila mara nyingine nilimwona midomo yake ikifuatisha salamu zao, kama mtu anayeimba kanisani wimbo aliousahau nusu.

Sasa, vipindi vyake vyote vya miaka ya mwanzo vilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu iliyokuwa kwenye kona ya chumba changu. Ilikuwa na programu ya kurekodi tuliyopewa na wafadhili zamani, na programu ile ilihifadhi sauti kwa namna yake yenyewe. Faili ukilihamishia kompyuta nyingine halifunguki, ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha ya watu waliokwisha kuhama. Na waliotengeneza programu hiyo walikuwa wamefunga kampuni. Kompyuta ile ilikuwa imeanza kutoa mlio tik, tik, tik kutoka kwenye diski. Mlio ule mkiusikia, wanangu, acheni chakula mezani.

Niliinakili diski kabla haijakata roho. Sikilizeni hili, litawafaa: diski mbovu hainakiliwi kwa pupa. Ipo programu ya kuinakili kwa busara. Inachukua kwanza sehemu zilizo salama, inaziruka zilizoumia, kisha inarudi kuzibembeleza moja moja. Ukianza kuing'ang'aniza pale palipoumia, unaiua kabla hujapata hata kile kilichokuwa kizima. Nilipata karibu yote, isipokuwa matobo machache. Siku chache baadaye kompyuta ile haikuwaka tena. Nilibaki na nakala ya diski, na hakuna mashine ya kuiendeshea.

Hapo ndipo haipavaiza inapoingia. Msiogope jina. Haipavaiza ni programu inayoifanya kompyuta moja iwe kompyuta kadhaa zisizojuana. Kila moja inadhani iko peke yake duniani. Inaona diski yake, inaona kumbukumbu yake, na vyote hivyo ni vya kuaminishwa tu. Ni kama mimi nikilala hapa Kihesa nikaota niko kwetu Rungwe: nasikia mvua kwenye migomba, nasikia mama akiniita, na ndani ya ndoto sina shaka hata chembe. Kwa hiyo niliweza kuchukua ile nakala ya diski, nikaiweka ndani ya seva yetu, na kompyuta kuukuu ikaamka humo, ikiamini bado imekaa kwenye kona yake.

Iliamka kweli. Nilipoona mandhari yake ya zamani ya vilima vya kijani, nilipiga makofi peke yangu. Nikafungua programu ya kurekodi. Ikaniandikia: kadi ya sauti haikupatikana. Ikajifunga.

Programu ile, mnajua, ilizoea aina moja ya kadi ya sauti ya enzi hizo, na bila kuiona ilikataa kabisa kufanya kazi. Haipavaiza ina uwezo wa kuigiza kadi ile. Nikaiamuru iigize. Ikasema haikijui kifaa hicho. Nilikwenda kusoma kumbukumbu za mabadiliko za watengenezaji wa toleo letu la Linux, mfumo unaoiendesha seva, nikakuta sababu. Walikuwa wameziondoa kadi zote za zamani wakati wa kuijenga haipavaiza. Hawakukosea, mlango usiokuwepo hauvunjwi na mwizi, na wao hawakutaka kulinda milango isiyopitwa na mtu. Hawakujua tu kwamba huku Iringa kuna mtu anasubiri nje ya mlango huo.

Mtauliza, kwa nini usichukue toleo jingine la Linux? Swali zuri. Seva yetu ilikuwa moja, na juu yake ndiko matangazo yalikokuwa yanapita. Huwezi kung'oa msingi wa nyumba watu wakiwa wamelala ndani. Ilibidi haipavaiza ibaki ileile, ya toleo lilelile, pamoja na marekebisho yote ya usalama ambayo watengenezaji walikuwa wameyashonea, ila iwe na ile kadi moja. Na njia ya kupata kitu kama hicho ni kuijenga mwenyewe kutoka kwenye vifurushi vya chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu kabla haijajengwa.

Nilimpigia simu Mzee Salim wa Mbeya.

Mzee Salim ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipokuwa msichana niliajiriwa kupokea simu kwenye duka la nguo la kaka yake pale Mwanjelwa, na yeye alikuwa na chumba nyuma ya duka, kimejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Babu zao walitoka pwani wakaja Mbeya na biashara, wakazoea baridi, lakini Kiswahili chao hawakukibadilisha hata herufi moja. Nami nilikuwa Mnyakyusa niliyejifunza Kiswahili shuleni. Alikuwa ananisahihisha sarufi na kompyuta kwa pumzi moja.

"Mzee," nilimwambia siku hiyo kwenye simu baada ya shikamoo, "hii kifurushi ya haipavaiza imekataa kadi ya sauti."

"Marahaba. Kifurushi hiki. Kimekataa," akajibu. "Rudia."

"Kifurushi hiki kimekataa, Mzee."

"Sasa tunaelewana. Njoo Mbeya. Ghala lote la vifurushi vya chanzo ninalo hapa, mtandao wenu huo utakuzeesha."

Kabla sijasafiri, Josefu alikuja ofisini na mkewe, Mama Neema. Binti yao Neema alikuwa anaolewa, na send-off, sherehe ya kumuaga kwao, ilikuwa imekaribia. Mama Neema alikaa akakunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Dada Subi," akasema, "desturi unaijua. Baba ndiye anamuaga mtoto mbele ya watu. Sasa huyu baba yake..." Hakumaliza.

Josefu akaandika kwenye simu, akanigeuzia. *Kuna siku Neema aliingia studio nikiwa hewani. Mdogo, hajaanza shule. Sijui kama ilirekodiwa. Nataka hiyo tu.*

Nilisema, "Kaka, siwezi kukuahidi. Naenda Mbeya kujaribu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, namna ya kwetu sisi sote wa nyanda hizi.

Safari ile naikumbuka kama niliiota. Mvua ya manyunyu ilinyesha tangu Iringa. Mafinga tulipita kwenye misonobari, mistari mirefu isiyokwisha, na malori ya mbao yamepumzika pembeni yakitoa mvuke. Harufu ya mbao mbichi iliingia ndani ya basi, nikafumba macho. Nilikuwa nafikiria vifurushi. Kifurushi cha kawaida cha programu ni kama mlango ulioununua dukani, umeshapakwa rangi, unautundika tu. Kifurushi cha chanzo ni mbao zenyewe, na vipimo vya fundi, na vile viraka vidogo alivyoviongeza kila alipogundua ufa, na karatasi inayosema anza hapa, malizia pale. Ukiwa navyo hivyo, na ukaheshimu vipimo vyake, unaweza kuuchonga mlango uleule ukauongezea tundu la ufunguo wako. Nilipofumbua macho misonobari ilikuwa imekwisha, tuko kwenye uwanda, na mbele kabisa milima ya Mbeya imevaa mawingu hadi kiunoni.

Mzee Salim alikuwa amezeeka, ndevu nyeupe, sweta juu ya kanzu. Chumba kilikuwa kilekile. Akanipa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akanikalisha.

"Kwanza," akasema, "kwenye seva yenu umejaribu kujenga chochote?"

"Hapana, Mzee."

"Vyema. Usichonge mbao kwenye meza ya chakula. Vumbi litaingia kwenye mchuzi." Akagonga kompyuta iliyokuwa kando yake. "Hapa ndipo pa kuchongea. Ina toleo lilelile la kwenu."

Tulikiteremsha kifurushi cha chanzo, tukakifungua. Viraka vilikuwa vingi, kila kimoja na maelezo ya aliyekishona na kwa nini. Mimi hupenda kuyasoma maelezo yale. Watu wasioonana, wa nchi za mbali, kila mmoja amekaa dirishani kwake na mvua yake, ameziba tobo dogo, akaandika mistari miwili, akaenda kulala. Tukaifungua karatasi ya maelekezo ya ujenzi na tukauona mstari wenyewe: kadi za sauti za zamani, usijenge. Mzee Salim akanyanyua kidole.

"Usiufute. Badilisha kwa kiraka chako mwenyewe, ukitie jina na sababu. Ukifuta kimyakimya, mwakani wewe mwenyewe hutajua nani aliyefuta."

Nikashona kiraka changu cha kwanza na cha mwisho katika haipavaiza. Sababu niliandika: *Programu ya zamani ya redio inaihitaji kadi hii.* Nilitaka kuongeza jina la Josefu, nikaona haya.

Tukaanza kujenga. Mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, myeupe juu ya weusi, upesi hata huisomi, unaiona tu kama manyunyu. Mzee Salim akaegemea kiti. Ghafla ikasimama. Ukurasa mzima wa makosa.

Nikaanza kusoma la chini kabisa. "Inasema imeshindwa kuunganisha..."

"Usisome la mwisho. Hilo ni kilio cha msibani. Panda juu, mtafute marehemu."

Wanangu, hilo liandikeni mioyoni mwenu. Kompyuta ikilalamika mara mia, kosa ni lile la kwanza. Mengine ni majirani waliosikia kelele. Nilipanda juu, nikapanda, nikalikuta. Maktaba moja ndogo, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima, inayotumika wakati wa kujenga ilikuwa ya toleo jipya kuliko toleo letu. Haikupatana na nyingine.

Mzee Salim akasogea akalisoma jina lake. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika.

"Mimi huyo," akasema. "Mwezi uliopita niliichukua maktaba hiyo kutoka ghala jingine, nilitaka kujaribu mchezo fulani. Kompyuta yangu nimeichafua mwenyewe. Unaona? Upatanisho. Ukiniambia 'hii kifurushi imekataa' nitakuelewa, kwa sababu binadamu ana huruma. Kompyuta haina."

"Tuiondoe, Mzee?"

"Tukiondoa hiyo tutakuta nyingine. Tufanye walivyotufundisha wenye akili, jambo ambalo mimi kwa kiburi changu huwa sifanyi. Tujenge kwenye chumba safi."

Chumba safi ni mfumo mtupu unaouumba kwa ajili ya ujenzi huo mmoja tu. Unaweka ndani yale yaliyotajwa na maelekezo na si kingine, unajenga, unakivunja. Kikikubali humo, unajua kimekubali kweli, hakikubebwa na takataka za kompyuta yako. Tukakiumba. Tukaanza upya. Manyunyu yakaanza tena kupanda kwenye kioo.

Ikaadhiniwa alasiri. Mzee Salim akaenda msikitini, akaniacha nikilinda. Nje mvua ilikuwa imeshika bati, mlima Loleza haukuonekana, na joto la kompyuta lilinifikia miguuni kama joto la mafiga. Nilisinzia. Nikaota niko ndani ya jengo refu lenye milango mingi, na nyuma ya kila mlango Josefu anazungumza, hapa anasoma bei ya vitunguu, pale anatangaza msiba, pale anacheka. Nilikuwa natembea taratibu nikigusa milango kwa ncha za vidole. Sikuwa na haraka hata kidogo. Kitu kimoja tu kilinishangaza, kwamba kila nilipofika mlangoni, yeye ndiye aliyekuwa ananyamaza kunisikiliza mimi.

"Subilaga."

Nikaamka. Mzee Salim alikuwa amesimama mlangoni anapangusa maji kwenye kofia yake. Mistari ilikuwa imesimama.

"Imegoma?" nikauliza.

"Soma wewe, macho yako ni mazuri."

Nikasoma. Ujenzi umekamilika. Majaribio yote yamepita. Na chini yake, majina ya vifurushi vipya, vyetu, vimepangwa mstari kama mikate inayotoka kwenye tanuri.

"Ndaga fijo, Mzee," nikasema. Shukrani zilinitoka zenyewe kwa Kinyakyusa.

"Bado hujashukuru. Vimepewa namba gani ya toleo?"

Namba ilikuwa ileile ya watengenezaji. Akatikisa kichwa. Akanisimulia jinsi alivyowahi kumjengea mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni mfumo mzuri, akaringa nao mtaa mzima, halafu sasisho la kawaida likaja, likaona namba ile, likafikiri ni kifurushi chake cha zamani, likakifunika. "Kazi ya siku nyingi, sasisho lilimeza kama kidonge. Nami nilikwisha kula pilau ya shukrani." Kwa hiyo tulikiongezea mkia wetu kwenye namba, tukakijenga tena, na nilipofika Iringa nikaiamuru seva isikibadilishe bila idhini yangu. Na kila marekebisho ya usalama yalipotoka, ilinibidi nichukue chanzo kipya, nikishonee kiraka changu, nijenge upya. Atakayewaambia kujenga mwenyewe ni bure anawadanganya. Ukishachonga mlango wako, umekuwa seremala wake.

Nilivisimika vifurushi vile mchana mmoja, baada ya kuhamishia matangazo kwa muda kwenye kompyuta ya mkononi. Kompyuta kuukuu nikaiwasha ndani ya ndoto yake. Sikuipa mtandao, mfumo mzee namna ile ukiupa mtandao ni sawa na kumpeleka bibi kizee sokoni na fedha zote za ukoo. Nikafungua programu ya kurekodi. Haikuandika chochote. Ilifunguka tu, kimya, na orodha ya vipindi ikashuka.

Josefu alikuwa amekaa kando yangu. Nikamvisha vipokea sauti, nikabofya kipindi cha kwanza nilichokiona.

Alikaa bila kutikisika. Kisha akavivua, akaviangalia ndani kama mtu anayetafuta kilichomng'ata. Akavivaa tena. Akafumba macho. Mkono wake ukapanda taratibu ukatulia juu ya kile kitambaa cheupe shingoni. Mimi niligeukia dirishani. Ukungu ulikuwa haupo siku hiyo, nikautamani.

Mkuu wa kituo alipopata habari alikuja mbio. Alikuwa mtu mwema, sitaki mumfikirie vibaya. Akasema, "Mama Subi, kwa sauti yote hii tuliyonayo, siku hizi zipo programu za kujifunza sauti ya mtu. Tunaandika hotuba, Josefu anaihutubia send-off kwa sauti yake mwenyewe. Watu watalia!"

Nikiri, nilivutiwa. Nilikuwa najua inawezekana, na fundi akijua jambo linawezekana vidole vinamwasha. Nikamgeukia Josefu. Alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika muda mrefu, akafuta, akaandika upya. Akatugeuzia simu.

*Msinitungie maneno. Hata mimi sijui ningemwambia nini. Nitafutieni nilichosema.*

Mkuu wa kituo akasoma, akaweka mkono begani mwa Josefu, akatoka.

Tukatafuta. Vipindi havikuwa na majina ya maana, maana aliyekuwa anaviandika zamani alikuwa anaweka "asubuhi", "asubuhi nzuri", "asubuhi mpya". Kila siku baada ya kazi ya mchana tulikaa wawili, sikio moja moja la vipokea sauti, tukipita kwenye asubuhi za watu waliokufa na barabara zilizokuwa bado za vumbi. Mvua zilizokwisha kunyesha zikanyesha tena. Mara nyingine tulikuwa tunasahau tunatafuta nini. Mama Neema alikuwa anatuletea mahindi ya kuchemsha, anasimama mlangoni anasikiliza kidogo sauti ya mumewe, anaondoka bila kuaga.

Siku tulipoipata, Josefu alinibana kiwiko mpaka kikaniuma. Tulisikia mlango wa studio, halafu nyayo ndogo.

Tuliisikiliza hadi mwisho. Katikati kulikuwa na tobo. Palikuwa miongoni mwa zile sehemu za diski zilizoshindikana. Sauti inakatika, kimya, kisha inarudi. Nikamwambia, "Kaka, naweza kukata hapa nikaunganisha. Hakuna atakayejua."

Akatikisa kichwa. Akaandika neno moja: *Liache.*

Send-off ilifanyika kwenye ukumbi hapa mjini. Palikuwa na maturubai ya zambarau na meupe, kwaya, keki, akina shangazi wamefunga vilemba kama milima. Mzee Salim alikuja kutoka Mbeya, akakaa nyuma na kofia yake, amekunja mikono kwa baridi ya Iringa, aliyosema ni mbaya kuliko yao. Mimi nilikuwa kwenye meza ya spika, na sauti ile nilikuwa nimekwisha kuirekodi upya kwenye kompyuta ya mkononi.

Mshereheshaji akafika kwenye nasaha za baba. Akasita, maskini, hakujua aseme nini. Josefu akasimama mwenyewe, akamwendea Neema, akakaa kwenye kiti kando yake. Akanitazama. Nikabofya.

Ukumbi ukasikia ile sauti nzito ikisoma bei ya mahindi. Wazee waliinua vichwa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa kunong'ona, "Josefu huyo!" Neema akaganda, glavu zake nyeupe mapajani.

Mlango ukafunguka kwenye spika. Nyayo ndogo.

"Aa," ikasema sauti, ikicheka, "wasikilizaji, nimepata mgeni hapa. Mama yako yuko wapi?"

"Baba, unaongea na nani?" Sauti ndogo, kali kama kengele ya baiskeli.

"Naongea na watu."

"Mbona hawapo?"

"Wapo. Wako kwao, wanachochea moto, wanachemsha chai. Wao wanatusikia, sisi hatuwasikii. Haya, wasalimie."

Mtoto akavuta pumzi karibu mno na maikrofoni.

"Kamwene!"

Kisha tobo. Spika zikawa tupu kabisa, bila hata mkwaruzo. Nilijua litakuja, na bado niliangalia nyaya. Na katika kimya kile, sijui nani alianza, labda mmoja wa wale shangazi, labda wazee wa mezani mbele, lakini ukumbi mzima, Wahehe na Wabena na wageni wasiojua hata neno linamaanisha nini, ukaitikia kwa sauti moja:

"Kamweneee!"

Na juu ya mwitikio huo, kabla haujaisha kwenye kuta, sauti ya Josefu ikarudi kutoka upande wa pili wa tobo, ya chini, ya mtu anayemwinamia mtoto:

"Umesikia? Wameitika."

Neema alikuwa amemgeukia baba yake. Hakulia. Alikuwa anamtazama midomo, maana midomo ya Josefu ilikuwa inaenda pamoja na sauti, sawasawa, haikosi hata herufi, na mkono wake mmoja umefunika mkono wa binti yake. Kipindi kiliendelea kidogo, akarudi kwenye bei ya vitunguu, watu wakacheka huku wanafuta macho. Kisha Josefu akainua kichwa, akanitafuta kwa macho ng'ambo ya meza zote zile, akanyoosha kiganja na kukishusha polepole, namna watangazaji wanavyomwambia fundi azime maikrofoni.

Nikazima.